Je, Mukuba Unatupwa?

Mchezo wa karata uliotoka Ulaya umezua ubishi katika lupango moja la Katuba, Lubumbashi: mtu aliyekulia katika mji wa shaba anawezaje kuambiwa kwamba shaba, yaani mukuba, ndiyo inayomfanya ashindwe?

Nkambo, mzee wetu, alizibana karata zake tano kifuani. Nne zilikuwa Shaba. Ya tano ilikuwa Kanisa Dogo, karata inayomruhusu mwenye nayo kutoa mchezoni hadi karata nne zilizo mkononi mwake, zisimrudie tena. Mpwa wangu, mwana wa yaya, aliyekuja likizo kutoka Liège na mchezo huo ndani ya sanduku, alikuwa anamngoja. Mbabula ya makaa ilikuwa kati yetu, maana jioni za Julai hapa Lubumbashi hazimhurumii mtu, na majirani wawili walikuwa wameacha dama yao ya vizibo vya chupa chini ya mwembe wakaja kutazama.

"Weye, mutoto, unasema nitupe mukuba?"

"Njo mchezo, nkambo."

"Mukuba njo ulijenga hii nyumba."

Hakutupa. Alizilaza Shaba zote nne mezani, akanunua Fedha moja ya bei 3, na ile Shaba ya nne ikaenda bure. Kabla makaa hayajafifia alikuwa ameshindwa kwa pointi 21: kijana alikuwa na Majimbo sita, yeye alikuwa na mawili na Mashamba matatu aliyoanza nayo. Alisema mchezo una kasoro. Kesho yake alasiri alikuwa wa kwanza kuketi.

Mchezo wenyewe unaitwa Dominion. Ulibuniwa na Mmarekani, Donald X. Vaccarino, ukachapishwa na kampuni ya Rio Grande Games na kutoka Oktoba 2008 kwenye maonyesho makubwa ya michezo mjini Essen, Ujerumani. Mwaka uliofuata ulipata Spiel des Jahres, tuzo ya Wajerumani ya mchezo bora wa mwaka. Baada yake ikaja michezo mingi ya ukoo huo, ya mezani na ya kwenye simu, yote ikifuata wazo lile moja.

Wazo ni hili. Karata tulizozizoea, hata zile za pwani zenye turufu, kopa na shupaza, hugawiwa. Unapokea ulichojaliwa na mgawaji, kisha unatafuta la kufanya nacho. Katika mchezo huu kila mtu ana rundo lake, na analijenga mwenyewe huku mchezo ukiendelea. Ukilalamika kwamba mkono wako ni mbaya, jirani atakuuliza nani aliununua.

Jinsi unavyochezwa

Sanduku la mpwa wangu ni la Kifaransa, kwa hiyo karata tulizipa majina yetu tukiwa tunacheza. Pesa zilikuwa rahisi: Shaba, Fedha, Dhahabu. *Domaine* ikawa Shamba, *duché* ikawa Uchifu, *province* ikawa Jimbo. Yule mkopeshaji anayechukua Shaba yako na kukupa thamani 3 papo hapo, jirani alimbatiza Banque Lambert kabla hatujamaliza kusoma maandishi yake. Anayeishi Kongo hahitaji kuelezwa kwa nini.

Wote huanza sawa: karata 10, yaani Shaba 7 na Mashamba 3. Kila zamu una karata 5 mkononi. Unaruhusiwa kucheza karata moja ya kazi, kisha kununua karata moja sokoni. Zamu ikiisha, ulizocheza, ulizonunua na zilizobaki mkononi zote unaziweka kando, unachota 5 nyingine. Karata za kuchota zikikwisha na bado unatakiwa kuchota, unazichanganya zile zilizowekwa kando, na ulichonunua zamu za nyuma kinaanza kukujia mkononi.

Sokoni kuna pesa, ardhi, na marundo 10 ya karata za kazi. Sanduku la toleo la kwanza lina aina 25 za marundo hayo, na unapoanza mchezo unachagua 10 tu, kwa hiyo soko la leo si la jana. Shaba haina bei na ina thamani 1. Fedha ina bei 3 na thamani 2. Dhahabu ina bei 6 na thamani 3. Ardhi ndiyo pointi: Shamba la bei 2 lina pointi 1, Uchifu wa bei 5 una pointi 3, Jimbo la bei 8 lina pointi 6. Majimbo yakiisha mchezo umekwisha, na wachezaji wakiwa wawili yapo manane tu.

"Manane?" aliuliza jirani. "Sisi 2015 tuligawa moja, tukapata manne."

Katanga ya zamani kweli iligawanywa mwaka huo ikawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katika sanduku Jimbo haligawanyiki, na lina ubaya mmoja ambao wageni hawautegemei: mkononi halifanyi lolote. Halinunui, halichoti, linachukua tu nafasi ya karata ambayo ingefanya kazi. Kila ardhi unayonunua inakukaribisha kwenye ushindi na inakuharibia mikono inayofuata.

Hesabu ya wastani

Hapa ndipo nkambo aliposhindwa. Jimbo lina bei 8 na mkono ni karata 5. Gawa 8 kwa 5, unapata 1.6. Rundo lako likiwa na wastani wa 1.6 kwa kila karata, mkono wa kawaida unaweza kununua Jimbo. Rundo la kuanzia lina thamani 7 katika karata 10, yaani 0.7 kwa karata, 3.5 kwa mkono. Mwanzoni Shaba yenye thamani 1 inauinua wastani huo. Ukishanunua Fedha na Dhahabu za kutosha, wastani ukavuka 1, ileile Shaba inaanza kuushusha. Haijabadilika hata kidogo. Majirani zake ndio waliobadilika.

Ndiyo maana Kanisa Dogo, karata ya bei 2 tu, linaogopwa. Mchezaji anayelinunua mapema hutupa Mashamba yake na Shaba zake nne nne, akabaki na rundo jembamba ambalo kila karata yake ina kazi. Akinunua Dhahabu leo, ataiona tena baada ya zamu mbili. Mwenye rundo nene hununua Dhahabu akaisahau, ikamrudia wakati Majimbo yamebaki mawili.

Mikono miwili ya kwanza nayo ina hesabu yake. Shaba ni 7 na utazichota zote katika zamu mbili za mwanzo, kwa hiyo utapata 4 na 3, au 5 na 2. Mara tano kati ya sita ni 4 na 3. Ile mara moja ya 5 na 2 ndiyo inayotia watu wazimu, kwa sababu karata za bei 5 zina nguvu, na kwa 2 zilizobaki Kanisa Dogo linakungoja.

Anayeanza kujifunza ataambiwa jambo moja la kumtuliza: kuna njia isiyohitaji ujanja wowote. Ukiwa na 8 nunua Jimbo, ukiwa na 6 au 7 nunua Dhahabu, ukiwa na 3 hadi 5 nunua Fedha, na karata za kazi usiziguse. Wachezaji wameipa njia hiyo jina la Pesa Kubwa. Haimshindi bingwa, lakini humshinda karibu kila anayenunua karata kwa sababu ya kupenda picha yake. Mhunzi wa bei 4, kwa mfano, anakuchotea karata 3, na kila mtu humpenda. Ila una ruhusa ya kazi moja tu kwa zamu, mpaka uwe na Kijiji, ambacho huongeza ruhusa. Wahunzi wawili mkononi bila Kijiji ni mmoja anayefua na mwingine anayekula bukari.

Katika mji wa wala shaba

Ni rahisi kuyasema hayo Liège. Katuba ni kwingine. Karne nyingi kabla ya tanuru za Wazungu, misalaba midogo ya shaba ilikuwa ikizikwa pamoja na wafu huko Sanga, katika bonde la Upemba, na baadaye ikawa pesa ya watu wa nchi hizi. Mmisionari Mbenediktini, Jean-Félix de Hemptinne, alipoandika mwaka 1926 juu ya wayeyushaji wa zamani wa Katanga, aliwaita wala shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ya tanuru la Lubumbashi ilimiminwa tarehe 30 Juni 1911. Bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba. Mobutu alilipa jimbo zima jina la Shaba, na likabaki nalo hadi 1997.

Kwa hiyo nkambo, aliyetumia ujana wake mbele ya tanuru, alipokataa kutupa karata nne alikuwa na karne nzima nyuma yake. Lakini karne hiyohiyo ina ushahidi wa upande wa pili. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 zilibaki takribani 30,000. Nchi yetu leo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani, na tangu 2023 imeipita hata Peru. Anayekaa Katuba anajua kuhesabu tani, na anajua pia kuhesabu saa ambazo umeme unakatika.

Na bei haipangwi hapa. Oktoba 2008, wakati wageni wa Essen walipokuwa wakikata nailoni za masanduku ya kwanza ya Dominion, shaba ilikuwa ikiporomoka katika Soko la Metali la London: zaidi ya dola 8,000 kwa tani katikati ya mwaka, takribani 3,000 ilipofika Desemba. Jiwe la Kolwezi la Desemba lilikuwa jiwe lile la Julai. Wachimbaji na wanunuzi wa madini wa Katanga walijifunza mwaka huo kile ambacho nkambo alikuwa akifundishwa na karata.

Maswali ya lupangoni

Ubishi ulikuwa mwingi, kijitabu cha kanuni kikazunguka mikono yote. Haya ndiyo maswali yaliyorudi kila usiku, na majibu yake.

*Karata za kuchota zimekwisha. Nachanganya sasa hivi?* Hapana. Unachanganya pale tu unapotakiwa kuchota na hakuna kitu. Ukiharakisha, ulichonunua zamu hii kitabaki nje ya mchanganyo. Nkambo alipoteza Dhahabu mbili kwa haraka hiyo, kisha akawa polisi wa kanuni hii.

*Thamani niliyobakiza naiweka kesho?* Hailali. Karata zinabaki zako, lakini ulichoshindwa kutumia katika zamu kimekwenda. Ukiwa na 7, una Dhahabu na 1 iliyopotea.

*Nikishaanza kununua naweza kurudi kucheza karata ya kazi?* Huwezi. Kazi kwanza, soko baadaye.

*Wanamgambo wakija mara mbili?* Karata hii inawalazimisha wengine wote wapunguze mikono hadi karata 3. Wa pili akifika katika zamu hiyohiyo anakukuta na 3, hana cha kukuchukulia. Jirani alisema hao ni wanamgambo wenye adabu.

*Handaki, karata ya kujikinga, nikilionyesha linaondoka?* Linabaki mkononi, na shambulio jingine likija unalionyesha tena.

*Tukilingana pointi?* Aliyecheza zamu chache ndiye mshindi. Zamu zikilingana pia, mnashinda wote wawili.

*Mchezo unaisha kwa Majimbo tu?* Hapa kijana alisoma haraka, na haraka hiyo ilimgharimu baadaye. Mchezo unaisha Majimbo yakikwisha, au marundo yoyote matatu ya sokoni yakikwisha, mara tu zamu iliyopo inapomalizika.

*Karata zilizotupwa zinarudi?* Katika sanduku hili ulichokitupa hakikurudii. Nkambo aliligeukia bomba refu la kiwanda cha zamani na kilima cheusi cha takataka za tanuru kilicho kando yake, ambacho mji mzima unakiita *terril*. Takataka hizo zilimwagwa pale kwa miaka na miaka kama uchafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gécamines, kundi la Forrest na Wamarekani wa OM Group walizindua kiwanda cha kuziyeyusha upya ili kutoa kobalti iliyokuwa imetupwa humo.

"Aliyeandika hizo kanuni," nkambo alisema, "hajafika hapa."

Vaccarino alifika kwa njia yake. Mwaka 2012 alitoa sanduku la nyongeza, la saba katika mfululizo wake, linalohusu zama za giza na umaskini, na ndani yake mna karata zinazochimbua lundo la vilivyotupwa. Mpwa wangu alipomweleza hivyo, mzee hakushangaa.

Usiku wa tatu

Usiku wa pili nkambo alijaribu Mgodi. Karata hiyo ya bei 5 haitupi Shaba bure. Inaigeuza Fedha papo hapo, na ukiwa na Fedha inaigeuza Dhahabu. Ilimfurahisha kuliko maelezo yote, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Tatizo ni mwendo. Mgodi unasafisha karata moja kwa zamu, na unaipata ikiwa tu imekujia mkononi pamoja na cha kusafisha. Kanisa Dogo linafagia nne. Alishindwa tena, safari hii kwa pointi 6.

Usiku wa tatu soko lilibadilika. Katika yale marundo 10 kulikuwa na Bustani, ardhi ya bei 4 yenye kanuni ya ajabu: mwisho wa mchezo kila Bustani inakupa pointi 1 kwa kila karata 10 ulizonazo. Kulikuwa pia na Karakana, ya bei 3, inayokupa bure karata yoyote isiyozidi bei 4. Kijana aliyapita yote mawili kwa macho akanunua Kanisa Dogo, kama ilivyo desturi yake. Nkambo aliyasoma maandishi mara mbili, akaomba asomewe tena, kisha akauliza swali moja.

"Shaba nayo ni karata?"

"Ni karata, nkambo."

Kuanzia hapo hakutupa kitu. Alichukua Karakana, na kwa Karakana akachukua Bustani. Shaba zake zilezile zilizomfanya ashindwe zilimnunulia Mashamba ya bei 2, na zamu asiyo na cha kununua alichukua Shaba nyingine isiyo na bei. Rundo lake lilinenepa mpaka mikono yake ikashindwa kulichanganya. Upande wa pili kijana alikuwa amejenga mtambo wa kupendeza: Vijiji, Wahunzi, Dhahabu, rundo jembamba linalopita lote kwa zamu moja. Alikuwa na Majimbo matano na alikuwa anajiandaa kwa mengine matatu.

Hakuangalia soko. Bustani zilikuwa zimekwisha. Karakana zilikuwa zimekwisha. Shamba lilibaki moja. Nkambo alilaza Shaba mbili mezani, akalichukua, akasema: "Marundo matatu."

Tulihesabu kwa mwanga wa simu, maana umeme ulikuwa umeshaondoka. Kijana alikuwa na pointi 30 za Majimbo na 2 za Bustani moja aliyoichukua kwa bahati, jumla 32. Nkambo alikuwa na karata 40 kamili. Bustani zake saba zilikuwa na pointi 4 kila moja, ndizo 28, na Mashamba 11, jumla 39. Kama angekuwa na karata 39, Bustani zote saba zingeshuka hadi pointi 3, na wangelingana 32 kwa 32. Mtu yeyote aliyekuwa pale anaweza kuapa kwamba ile ya 40 ilikuwa Shaba.

Mabingwa wanaijua njia hii, na wanajua kwamba sokoni pasipokuwa na Bustani haifai kitu. Nkambo hakuwa amethibitisha kwamba Shaba haitupwi. Alikuwa amethibitisha kwamba kabla ya kuulizana kama inatupwa, yafaa kutazama meza kuna nini. Kijana alikuja na jibu lililokuwa sahihi usiku mbili mfululizo, akalileta na usiku wa tatu bila kuangalia.

Alirudi Liège Agosti na kutuachia sanduku. Watoto wa avenyu nzima sasa wanajua Pesa Kubwa, na wawili kati yao wanamshinda nkambo. Sanduku lilikuja na Shaba 60. Moja imepotea, labda imebebwa na upepo wa vumbi, labda na mbuzi wa jirani. Nkambo alikata kipande cha katoni kwa kipimo kilekile, akaandika MUKUBA kwa kalamu ya bluu. Haiwezi kuchanganywa na nyingine, kwa kuwa mgongo wake unajulikana, kwa hiyo inakaa chini kabisa ya rundo la Shaba sokoni, na mpaka leo hakuna aliyeinunua wala aliyeitupa.